Taarifa Imehifadhiwa

Mama Rukia alizikwa Jumatano baada ya swala ya alasiri, nami nikafika Dodoma Alhamisi mchana, nimechelewa kama nilivyochelewa mara zote mbele ya mama yule. Habari nilipewa na mwenzangu mmoja wa ofisi ya zamani, ambaye naye aliisikia sokoni. Nilijitanda khanga, nikaingia uani, nikaketi ukingoni mwa mkeka karibu na masufuria, mahali anapoketi mgeni asiyejulikana. Rukia akaniona. Siku hizi ni mama wa watoto wakubwa, na mvi mbili tatu zilikuwa zikichungulia chini ya mtandio wake. Alinikumbatia, tukalia, kisha akawageukia wanawake waliokuwepo, akawaambia, "Huyu ni dada Perpetua. Aliishi kwetu zamani. Ndiye aliyemfundisha mama kompyuta." Wanawake wakasogea, wakanipa nafasi katikati, penye watu wa nyumba. Nikakaa pale. Nikapokea kikombe cha chai ya tangawizi kwa mikono miwili. Bibi mmoja akaniuliza kama ni kweli marehemu aliwahi kuijua kompyuta, nikajibu kwamba ni kweli, aliijua vizuri. Huo haukuwa uongo. Lakini nimeishi kiasi cha kutosha kujua kwamba uongo wangu mkubwa wote niliusema kwa maneno ya kweli, au yaliyokaribia kuwa kweli, na mwaka ninaoueleza hapa ndio niliojifunza kufanya hivyo.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Madukani kulijaa dawa ya meno ya kila rangi na redio za kaseti, na maofisini watu walinong'ona neno moja tu: kupunguzwa. Nilikuwa mchoraji katika mradi wa visima vya vijijini. Nilichora fomu, chati za ukutani, na ramani za kuonyesha pampu ipi iko wapi, toka kingo za mbuga ya Bahi mpaka upande wa Buigiri. Mama Rukia alikuwa karani wa masjala katika ofisi hiyohiyo, na kazi ya masjala alikuwa ameianza kabla mimi sijaanza shule. Ndiye aliyenipa chumba. Aliniona wiki mbili mfululizo nikila maandazi mchana, akaniuliza jioni ninakula nini, nikamjibu kwamba maandazi. Akasema mtu wa namna hiyo ataugua ofisini na kuwapa wengine kazi ya kumbeba, kwa hiyo nihamie kwake. Nyumba ilikuwa nyuma ya msikiti, ya udongo, imepakwa chokaa, ya babu wa babu yake, mmoja wa wale waliokuja na misafara ya biashara wakaona hapa panatosha. Chumba changu kilikuwa na dirisha la mbao lisilofunga sawasawa, na kila nikirudi kazini nilikuta vumbi jekundu limetanda juu ya meza, laini kama unga. Nilikuwa nikichora ndani yake kwa kidole kabla ya kulifuta.

Tulikula pamoja uani, watatu, kwenye sinia moja. Mara nyingi ulikuwa ugali wa uwele na mlenda uliotiwa karanga; Ijumaa pilau. Umeme ulikuwa wa mgawo, kwa hiyo chemli iliwekwa katikati, na Rukia, aliyekuwa kidato cha pili, alisoma huku anakula, kitabu kimeegemezwa kwenye jagi la maji. Mama yake alimkataza kila siku na kila siku akamwacha. Binti yule alikuwa na akili ya hesabu. Aliniuliza maswali juu ya kompyuta ambayo mimi mwenyewe sikuwahi kuyafikiria, na nikishindwa kujibu nilijifanya nimechoka. Ukuta wa chumba changu haukufika juu kabisa, na maneno ya chumba cha pili yalinifikia yote. Jioni moja nilimsikia Mama Rukia akizungumza na dada yake. Dada alisema kuna orodha ya watu wa kupunguzwa, na wenye umri ndio watakaoanza. Mama Rukia akajibu kwamba riziki hupangwa na Mungu, halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayekunja nguo, "Lakini huyu binti nimemwombea kwa meneja apelekwe kwenye yale mafunzo. Ana mkono mzuri. Akipata kitu cha kushika, hawatamgusa." Sikumshukuru, kwa kuwa sikutakiwa kuwa nimesikia. Ndivyo nilivyojiambia wakati ule.

Mafunzo yenyewe yalikuwa hivi. Mradi ulikuwa umeamua kwamba taarifa za pampu zilizoharibika zitunzwe kwenye kompyuta badala ya daftari. Sisi wachoraji wanne tulichora kurasa za skrini kwenye karatasi ya miraba, michoro ikapelekwa Dar es Salaam kwa waandishi wa programu, na baada ya miezi mitano vikarudi vitu ambavyo hakuna aliyevitambua. Karani akibonyeza hapa anatupwa kule. Ndipo akaletwa Mwalimu Lukindo, mtu mwembamba mwenye kalamu nyuma ya sikio, atufundishe sisi wenyewe kuandika sampuli: skrini inayowaka, inayobonyezeka, inayojibu, ili karani aijaribu na kuikosoa kabla programu ya kweli haijaandikwa. Chumba cha kompyuta kilikuwa mwisho wa korido. Tulivua viatu mlangoni kwa ajili ya vumbi, na mashine zilifunikwa vitambaa vya kitenge kama vikombe vya wageni. Mwalimu alituambia skrini ile ina nafasi themanini kwa upana na mistari ishirini na mitano kwa urefu, na kwamba ndani ya eneo hilo dogo ndimo tutakamoishi. Nilichora kwanza kwenye miraba, nikahesabu, kisha nikaandika amri moja moja: nenda mstari wa kumi, nafasi ya ishirini, andika neno KIJIJI. Nilipobonyeza na neno likatokea palepale nilipolitaka, nilihisi joto kifuani. Miaka yote nilikuwa nikichora vitu vinavyolala. Sasa nilikuwa nimechora kitu kinachoamka.

Mwalimu Lukindo hakuwa mtu wa maneno mengi, na pengine ndiyo maana machache aliyosema nimeyashika. Alisema mchoro husifiwa, lakini sampuli hubonyezwa. Mpe mtu wa kazi, kaa nyuma yake, funga mdomo, tazama mikono yake. Na alikuwa na sharti moja asilolegeza: juu ya kila skrini liandikwe neno SAMPULI kwa herufi kubwa. Mmoja wetu alimuuliza sababu. Akasema, "Sampuli ni uongo wa halali. Inajifanya inajua kitu isichokijua. Uhalali wake wote uko kwenye neno hilo moja."

Mtu wa kazi niliyepewa mimi alikuwa Mama Rukia. Alivua viatu, akakaa, akaweka miwani, akasoma skrini yangu kama anavyosoma barua ya serikali. Ilianza na wilaya, kisha tarafa, kata, kijiji, jina la mleta taarifa, mwisho kabisa tatizo la pampu. Alijaza mara mbili. Kisha akasema kwamba watu wa vijijini wanaokuja dirishani hawaanzi na wilaya. Wanasalimia, halafu wanatoa shida, halafu ndipo unawauliza wametoka wapi, na wengine Kiswahili ni lugha yao ya pili, ukiwakatiza wanapotea. "Anza na pampu ina nini," aliniambia. "Mtu akishasema linalomuuma, mengine anakupa mwenyewe." Niliigeuza skrini nzima juu chini kwa neno lake hilo. Ikawa nzuri kuliko za wenzangu wote. Mwishoni niliweka kisanduku kilichosema "Taarifa imehifadhiwa. Asante," pamoja na namba ya kumwandikia mleta taarifa kwenye kikaratasi. Hakuna kilichohifadhiwa. Nilikuwa sijafundishwa kuhifadhi, na sampuli haikuhitaji hilo. Namba niliitoa kwenye saa ya kompyuta: mtu akimaliza saa nne na dakika arobaini na mbili za asubuhi, ambazo kompyuta huziandika kumi na arobaini na mbili, anapewa namba 1042. Nikaongeza amri ya kuifanya mashine isubiri sekunde mbili kabla ya kujibu, ili ionekane inafanya kazi. Nilijivunia zile sekunde mbili kuliko kitu kingine chochote nilichokiandika.

Mwezi wa nane Mwalimu Lukindo alirudi Dar es Salaam kuwasimamia waandishi wa programu ya kweli. Wiki iliyofuata meneja akaambiwa wafadhili wanakuja kuona maendeleo. Aliniita, akaketi mbele ya skrini yangu, akaibonyeza, akafurahi. Kisha akaonyesha juu kwa kidole. Neno lile sampuli, akasema, litatutia aibu mbele ya wageni, watadhani tumekaa mwaka mzima tukicheza, niliondoe. Ningeweza kumwambia alichosema mwalimu. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama niliogopa, maana hofu ingenipa nafuu kidogo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshatamani kuliondoa. Lilikuwa linaharibu mstari wangu wa juu. Ilinichukua muda mfupi kuliko kuvaa viatu.

Wageni walikuja, wakavua viatu, wakasimama nyuma yangu. Nilijaza taarifa ya kijiji cha kubuni, mashine ikasubiri sekunde zake mbili, ikaandika kwamba taarifa imehifadhiwa, nao wakapiga makofi. Meneja akaambukizwa furaha yao. Alitangaza palepale kwamba kuanzia Jumatatu kompyuta hiyo itakuwa dirishani kwa karani, na daftari litafungwa. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Nilijiambia lazima anajua. Nilijiambia nitamfuata baadaye, wageni wakiondoka. Walipoondoka alinipa mkono mbele ya ofisi nzima, akasema watu kama mimi ndio mradi unaowahitaji katika nyakati hizi, na kila aliyekuwepo alielewa ana maana ya orodha. Basi sikumfuata. Jumatatu mashine ikahamishiwa dirishani, na Mama Rukia akaifuta vumbi kwa pindo la khanga yake.

Alifanya kazi na mashine ile wiki saba. Ninaliandika tena jambo hilo, maana nikilisema haraka linaonekana dogo: wiki saba, mwisho wa kiangazi, wakati ambao pampu ikifa kijijini hakuna maji mengine. Watu walikuja kwa baiskeli, kwa malori ya mkaa, kwa miguu. Walimwamkia kwa Kigogo, "Mbukwa," naye akawaitikia kwa lugha yao ingawa hakuijua sana, akawauliza pampu ina nini, akaandika kwa vidole viwili. Kisha akawaandikia namba kwenye kikaratasi, akawaambia mafundi watafika. Mimi nilipita koridoni nikasikia, nikaendelea na safari yangu. Nilijua programu ya kweli ingekuja mwezi wa kumi na moja. Nilikuwa na hesabu ya kijinga kichwani kwamba ikija, mambo yote yatamezwa ndani yake, kana kwamba kuna mahali ambapo maneno yale yalikuwa yakisubiri. Mafundi nao hawakuuliza, kwa kuwa waliambiwa orodha itachapwa mara moja kila robo mwaka kutoka kwenye mashine, na ile ya zamani bado ilikuwa na kazi za kumalizia.

Yeye ndiye aliyegundua. Jioni moja tukiwa kwenye sinia aliniambia kuna jambo halielewi. Vijiji viwili, siku mbili tofauti, vimepewa namba moja. Tena, akasema, kila asubuhi namba zinaanza mia nane na kitu, na hazijawahi kuvuka elfu moja mia tano na kitu. Rukia akainua uso kutoka kwenye kitabu, akasema hiyo inafanana na saa. Nakumbuka mlenda ukining'inia kwenye vidole vyangu. Ilikuwa nafasi safi kuliko zote nilizopewa. Hapakuwa na meneja wala mgeni, kulikuwa na watu wawili walionilisha. Nikacheka. Nikamwambia ni namba za siku, kompyuta inazichanganya na tarehe ndani kwa ndani, asiwe na wasiwasi. Mama Rukia akasema, "Kama ni hivyo, sawa. Wewe ndiye unayejua." Rukia alinitazama kidogo zaidi ya mama yake, kisha akarudi kwenye hesabu zake.

Mwezi wa kumi alikuja Mzee Chigwile, mwenyekiti wa kijiji kimoja ng'ambo ya Bahi. Ilikuwa mara yake ya tatu. Aliweka kikaratasi dirishani na kusema amengoja vya kutosha. Mama Rukia akaomba orodha ya taarifa zote ichapwe siku hiyohiyo, meneja akaniita mimi, na mbele yao wote nikaiagiza mashine kufanya kitu ambacho nilijua haiwezi. Hakikutoka kitu. Mzee Chigwile alisimama akinitazama kama mtu anavyomtazama fundi aliyekwama. Kisha akaeleza, kwa utaratibu, bila ukali, kwamba pampu yao ilipokufa wanawake walirudi kuchimba visima vya mchanga korongoni, na wiki iliyopita ukingo ulibomoka ukamfukia mkwewe hadi kiunoni. Walimtoa akiwa hai. Mguu ulikuwa umevunjika vibaya karibu na nyonga, na mganga wa zahanati alisema hautanyooka. Kikaratasi kilikuwa kimelala pale juu ya ubao wa dirisha. Namba 1017. Mimi peke yangu katika chumba kile nilijua kusoma kilichoandikwa: saa nne na dakika kumi na saba, asubuhi fulani, mtu alisema shida yake.

Kikao kiliitwa mchana uleule. Meneja alikuwa amepauka. Nadhani ndipo alipoanza kufahamu, na alitafuta pa kushika. Alimuuliza Mama Rukia amebonyeza nini. Akajibu kwamba amebonyeza alichofundishwa. Akamuuliza kama ana hakika hakufuta. Mama Rukia akasema, kwa heshima ileile aliyoizoea, kwamba hawezi kuapa kwa kitu ambacho hakijui ndani. Ndipo meneja akanigeukia. Aliniuliza kama programu ina kosa. Nimeyasikiliza maneno yangu maisha yangu yote tangu siku ile. Nilisema, "Programu haina kosa. Inafanya ilivyoandikwa. Inawezekana alifuta bila kujua." Sentensi mbili za kwanza zilikuwa kweli tupu. Mama Rukia hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka alichobonyeza.

Siku hiyo alirudi nyumbani kabla yangu, akapika. Sikuwa na njaa, nikala, kwa kuwa kutokula kungehitaji maelezo. Kesho yake aliomba daftari lake la zamani kutoka stoo. Kwa siku kumi na mbili alikaa nyuma ya dirisha akiandika kwa kumbukumbu kila mtu aliyemjia katika zile wiki saba, uso kwa uso, kijiji kwa kijiji, pampu ina nini. Alikumbuka karibu wote, kwa sababu walikuwa wamemweleza linalowauma kwanza. Mafundi walifanya kazi kwa daftari lile hadi mvua zikaanza. Jina la Mama Rukia lilikuwa la tatu kwenye orodha ya kupunguzwa. Langu halikuwemo. Mimi nilipelekwa Dar es Salaam kwa kozi ya miezi sita, na niliporudi nilihamia Ipagala, kwenye chumba cha peke yangu. Rukia hakuendelea na kidato cha tatu. Alipelekwa kujifunza cherehani kwa shangazi yake. Niliambiwa jambo hilo wakati nafunga mizigo yangu, na Rukia mwenyewe ndiye aliyenishikia upande wa pili wa sanduku.

Mwalimu Lukindo alikuwa amerudi kabla sijaenda Dar es Salaam. Aliwasha mashine, akasoma amri zangu kutoka juu mpaka chini, akafika kwenye zile sekunde mbili, akavua miwani. Hakupaza sauti. Alisema, "Nenda ukaseme wewe. Nikisema mimi, utakuwa umefukuzwa tu. Ukisema wewe, utakuwa umerudi." Nikamwahidi. Aliondoka akiamini, nadhani, au akitaka kuamini, na kwa hilo naye ana sehemu yake, ingawa ya kwangu haipungui kwa sababu hiyo.

Ilinichukua miaka tisa. Nilikuwa tayari msimamizi wa watu, ninafundisha vijana kuandika sampuli, nikiwasisitizia neno la juu kana kwamba nililibuni mimi. Nilikwenda kwa Mama Rukia mwezi wa tatu, msimu wa zabibu, nikiwa na kikapu, nikamkuta uani anachambua uwele kwenye ungo. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia, nikaanza kulia kabla ya kuanza kusema. Nilimwambia yote, neno lililofutwa, sekunde mbili, saa ya kompyuta. Aliendelea kuchambua hadi nilipomaliza. Akasema alijua. Alikuwa amelifikiria lile neno la Rukia, kwamba namba zinafanana na saa, akawa anatazama saa ya ukutani kila anapoandika kikaratasi, na wiki ya mwisho kabla ya Mzee Chigwile kuja alikuwa ameshajua kwamba namba ni saa tu. Hakujua bado kama taarifa nazo hazipo. Alisubiri nimwambie. Kikaoni pia alisubiri. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Alipepeta ungo, makapi yakaruka, akasema kwamba kama angesema, meneja angeamua kati ya neno la karani mzee na neno la fundi, na wote wawili tungekuwa nje. Na yeye jina lake tayari lilikuwa kwenye orodha tangu kabla ya kompyuta.

Nikamuuliza kuhusu kijiji kile. Akasema alikwenda. Mwezi uleule alioachishwa kazi, alipanda lori hadi Bahi, akatembea kilichobaki, akamwona Mzee Chigwile na yule mkwe wake aliyekuwa amelazwa kwenye ngozi. Aliwaambia taarifa yao ilipotea mikononi mwake, akaomba radhi. Nilisema haikuwa juu yake kuomba. Akaniambia, bila kuinua macho, "Mtu aliwaahidi. Waliyemwona ni mimi." Kisha akasema kwamba kwa upande wake yamekwisha, asingependa nije tena nikilia mbele ya majirani. Lakini Rukia hajui. Hakumwambia, kwa kuwa binti alikuwa akinipenda, na pia hakutaka kumwachia mtoto chuki iwe urithi. "Siku utakayoweza," akasema, "mwambie mwenyewe. Mimi nikiwepo ataniangalia mimi. Subiri nisiwepo."

Watu wakisikia kisa hiki, na wachache nimewaambia, hunifariji kwa kusema kwamba wakubwa ndio waliokosea, kwamba nilikuwa mtoto, kwamba mashine zilikuwa ngeni kwetu sote. Ninawashukuru na siwaamini. Mashine ilikuwa ngeni kwa Mama Rukia na bado aliielewa kwa kuitazama saa ya ukutani. Mimi niliijua kutoka ndani. Na kitu kimoja kinachonitesa kuliko vingine si kile kikao, ni kwamba sampuli ile ilikuwa nzuri kweli. Programu halisi ilipofika ilifuata mpangilio wake, shida kwanza, na baadaye ofisi nyingine zikaiga. Nimesifiwa kwa ajili yake hadi siku ya kustaafu, na wazo lilikuwa lake.

Ijumaa, siku ya tatu ya msiba, baada ya hitima, watu walipungua. Nilimkuta Rukia nyuma ya nyumba akisugua sufuria kubwa kwa majivu. Nilichuchumaa, nikashika upande wa pili, nikamwambia. Sikulia safari hii, nilijizuia, kwa kuwa msiba ulikuwa wake. Nilimweleza juu ya kompyuta, juu ya kikao, juu ya sentensi yangu, na nikamwambia kwamba yeye peke yake katika nyumba ile, akiwa na miaka kumi na mitano, ndiye aliyeona kwamba namba zilikuwa saa, nami nikamcheka. Mkono wake uliacha kusugua. Aliniuliza kama mama yake alijua. Nikasema alijua. Aliniuliza kama alijua wakati ule, wakati bado ninakula naye. Nikasema ndiyo.

Alikuwa na vidole vya mshonaji, ncha zimekakamaa, na alikuwa akivitazama. Nilingoja anifukuze, au anisamehe, na nitakuwa mkweli hapa angalau: nilikuwa nikitamani mojawapo, lolote, ili jambo lipate mwisho. Hakunipa hata moja.

"Nimekusikia, dada Perpetua," akasema. "Sasa naomba uniache nimlilie mama yangu."

Niliinuka. Nilinawa majivu, nikapita uani katikati ya wanawake waliokuwa wakikunja mikeka, na mmoja wao, yule bibi aliyeniuliza siku ya kwanza, akaniambia niwe nakuja, nisiwasahau. Nikamwitikia kwamba nimesikia. Nyuma ya nyumba Rukia akaanza kulia.